Miti Niliyoomba Ikatwe

Kambale alifika kwangu mtaani Vulamba siku ya Jumanne, amebebwa nyuma ya pikipiki, jicho moja limefunikwa na bandeji nyeupe, na kabla ya kunisalimia alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hapo nikajua kwamba hajanisahau. Watu wote waliowahi kuishi nami wanajua kwamba sakafu yangu haikanyagwi ovyo, na majirani zangu hapa husema, si kwa siri sana, kwamba Mwalimu Kahindo atafagia hata njia ya mbinguni kabla hajaruhusiwa kuingia. Kambale alikuwa ametoka Mangina kuja kutibiwa jicho hapa Butembo, daktari akamwambia apumzike siku mbili kabla ya kurudi, na mpwa wake akamwelekeza kwangu. Hatukuwa tumeonana kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilimketisha kwenye kiti changu kizuri, nikamwekea bugali na samaki wa Kyavinyonge niliyempika kwa nyanya, nikaanza kumwuliza habari: barabara ikoje, kakao imezaa, wajukuu wangapi, usalama umerudi kiasi gani. Nilimwuliza kila kitu. Sikumwuliza habari za popo.

Sikumwuliza kwa sababu niliogopa jibu. Wakati wa ule ugonjwa wa Ebola, uliotuulia watu Mabalako na Beni na hapa mjini kwetu, redio ilianza kuwataja popo asubuhi na jioni, na kila ilipowataja mimi niliizima. Nilikuwa nikiwafikiria popo fulani, katika miti fulani, nyuma ya kanisa fulani karibu na Mangina, na nikijiambia kwamba sasa wamekwisha. Watu wenye hofu na mashoka hawasubiri maelezo. Vita ilifunga barabara, miaka ikapita, na mimi nikazoea kutouliza, jinsi mtu anavyozoea jino bovu kwa kutafunia upande mwingine. Na sasa aliyejua jibu alikuwa amekaa mezani kwangu, anachambua miiba ya samaki kwa jicho moja.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini. Wazazi wangu na shule zangu nitawaacha wapumzike. Yatosha kusema kwamba nilitoka Butembo kwenda Mabalako, karibu na Mangina, kumsaidia Mama Masika, mjane aliyekuwa mkuu wa akina mama wa kanisa, katika kitalu chao cha miche. Mchungaji aliwaahidi akina mama kipande cha ardhi kando ya mto: wakipata miche ya mvule ya kutosha kabla ya mvua kubwa, ardhi itakuwa yao, wapande mvule na kakao chini yake. Wasipopata, itapewa wachoma makaa. Mvule siku zile ulikuwa unapasuliwa mbao huko msituni kila siku, na Mama Masika alisema anataka kufa akijua kwamba kuna mtu aliyerudisha angalau michache. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilijua kusoma vizuri, nina mikono myepesi, na nilisifiwa na mchungaji wa Butembo kuwa msichana safi. Hilo la mwisho ndilo lililotuponza.

Nililala katika chumba cha Mama Masika. Kilikuwa na vitanda viwili vya mbao, magunia ya maharage, mafungu ya vifuko vya plastiki vya miche, na harufu ya mafuta ya mawese isiyotoka hata ukifungua dirisha. Ukuta mmoja ulikuwa wa mbao nyembamba, na upande wa pili ndipo mchungaji alipofanyia vikao vyake na wazee wa kanisa. Kwa hiyo mambo yote ya kanisa niliyajua kabla ya kutangazwa. Mama Masika alikuwa akikaa kitandani anachambua maharage, mimi nashona soksi, tunasikiliza wazee wakibishana, na wakifika penye utamu yeye huinua kidole ili nisipumue kwa nguvu. Hakuliona hilo kama kosa. Alisema mbao zingekuwa nene zaidi kama Mungu angetaka siri.

Nyuma ya kanisa kulikuwa na mikaliptusi mikubwa, sikumbuki ilikuwa minane au tisa, na juu yake walikaa popo wakubwa wa rangi ya majani makavu, wengi sana, wananing'inia na kugombana mchana kutwa. Jioni waliondoka kwa pamoja kwenda msituni kula, alfajiri wakarudi. Kulikuwa na miezi ambayo walitoweka kabisa, hakuna aliyejua wanakwenda wapi, kisha asubuhi moja unasikia kelele zao na kujua wamerudi. Mavi yao yalidondoka kwenye kiwanja, kwenye njia ya kanisani, na Jumapili moja yalidondoka kwenye kitambaa cheupe cha kichwani nilichotoka nacho Butembo. Waimbaji wenzangu wa kwaya walicheka hadi wimbo ukaharibika. Mimi sikucheka. Kwetu Butembo msichana hupimwa kwa ufagio wake: mgeni akipita asubuhi akakuta lupango lenu, yaani uwanja wa nyumba, halina mistari ya ufagio, anaondoka na habari yenu yote. Nikawatangazia popo vita. Kila siku, kabla ya uji, nilifagia chini ya ile miti hadi udongo mwekundu ukang'aa, nikazoa uchafu wote kwa karai na kuumwaga katika shimo la takataka nyuma ya jiko. Leo ningemwambia msichana yeyote avae glavu na kufunga pua, au afadhali asipite kabisa chini ya popo. Siku zile hakuna aliyeniambia kitu, isipokuwa kunisifu.

Kitaluni mambo yalikuwa mabaya. Mimi na Mama Masika tulitembea mwendo wa saa nzima hadi kwenye mvule mama uliobaki, mti mkubwa ambao wapasua mbao waliuacha kwa kuwa uko kwenye mteremko, kuokota matunda yake. Kila tulipofika tulikuta popo wametutangulia usiku. Chini kulikuwa na makapi yaliyotafunwa na kutemwa, na matunda machache mabichi. Tuliyachukua hayo hayo, tukayaponda, tukayaosha, tukapanda mbegu zake katika matuta mazuri yenye kivuli cha majani ya migomba. Tulimwagilia asubuhi na jioni. Ikaota michache ya kuhurumiwa, na mingi ya hiyo ikafa. Mama Masika alianza kunyamaza wakati wa kula, na mtu kama yeye akinyamaza chakula hakishuki. Nikampata mkosaji wangu. Popo wanachafua kanisa, popo wanaiba mbegu zetu, sasa wafanye nini zaidi ndipo watu waone?

Nilisimama katika mkutano wa kanisa mara mbili. Mara ya pili nililia kidogo, na machozi yalikuwa ya kweli. Niliomba mikaliptusi ikatwe ili popo waende zao. Jioni ile, nyuma ya ukuta wetu wa mbao, tulimsikia mzee mmoja akisema kwamba huyu mtoto wa Butembo anasema kweli, na kwamba shule ya kanisa haina viti, watoto wanakaa juu ya matofali. Mikaliptusi ingetoa viti vya madarasa yote. Wakakubaliana: Jumamosi baada ya ijayo itakuwa salongo, wanaume wote watakuja kufanya kazi ya pamoja, akina mama watapika, na kijana mmoja mpasua mbao aitwaye Kambale ataiangusha miti na kupasua mbao, naye atabaki na mti mmoja kama malipo. Mama Masika hakuinua kidole. Mimi nilitabasamu gizani kama mtu aliyeshinda kesi.

Alhamisi kabla ya ile Jumamosi, Kambale alikuja kuitazama miti. Alikuwa kijana mrefu, mnyamavu, mwenye vumbi la mbao hata kwenye nyusi, na alitembea kutoka mti hadi mti akiupiga kila mmoja kwa kiganja. Nilimpa maji ya kunywa. Aliyabakiza kidogo, akaenda kuyamwaga shimoni nyuma ya jiko ili asichafue udongo niliofagia, jambo lililonipendeza sana, kisha akakawia. Nilipomfuata nilimkuta amechuchumaa ukingoni.

«Ju ya nini munaotesha muvule mu shimo ya takataka?» akaniuliza.

Nikamwambia hayo ni majani tu, nitayang'oa.

«Hapana majani. Mimi najua muvule toka iko kidogo. Angalia, jani yake iko na meno.»

Nilitazama. Nilikuwa nimelitazama lile shimo kila siku nikimwaga karai langu upande mmoja, na upande wa pili, ambao jua liliupiga na mvua ya juma zima ilikuwa imeulowesha, kulikuwa na zulia la miche, mamia, imesongana, majani yake magumu yamekatwakatwa pembeni kama msumeno mdogo. Miche yetu michache ya kitaluni ilikuwa na majani hayo hayo. Kambale aling'oa mmoja, akaunusa, akaniwekea mkononi. Kisha akatazama juu kwenye popo, akatazama ufagio wangu ulioegemea ukuta, na akacheka peke yake. Mimi ilinichukua muda zaidi. Popo walikula matunda kule mteremkoni usiku, wakarudi na mbegu tumboni, wakazidondosha hapa, mlangoni kwetu, zikiwa tayari. Na mimi, msichana safi, nilizifagia kila asubuhi na kuzitupa, kisha nikaenda kutembea saa nzima kutafuta nyingine.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia moja kwa moja kwa mchungaji. Sikukimbia. Nilikaa na ule mche mfukoni mchana wote. Nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa zima, mara mbili, mara moja kwa machozi. Nilisikia tayari jinsi watakavyosema: msichana wa Butembo leo anasema hili, kesho lile. Ijumaa asubuhi nilichukua ufagio kwa mazoea, nikafika chini ya miti, na mkono ukakataa. Mama Masika alinikuta nimesimama tu. Aliangalia udongo wenye uchafu, akaniuliza kama naumwa. Ndipo nikatoa mche mfukoni, umeshanyauka, nikamwambia yote, nikampeleka shimoni. Alikaa chini ukingoni na nguo yake safi. Alishika jani moja baada ya jingine, midomo ikicheza kama anayeomba, na alipozungumza sauti yake haikuwa na hasira, ndiyo maana ilinitisha.

«Nani aliomba miti ikatwe?»

«Ni mimi, Mama.»

«Bon. Donc ni weye utasema hapana.»

Tulikwenda pamoja kwa mchungaji, na kwa mara ya kwanza nilikuwa upande ule mwingine wa ukuta. Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza, akaushika mche, akasema ni ajabu ya Mungu. Lakini kazi ilikuwa imekwisha kutangazwa, wanaume wameitwa kutoka vijiji vitatu, viti vimeahidiwa, na wazee hawangependa kuambiwa kwamba walikubali kitu kwa ajili ya machozi ya mtoto na sasa waache kwa ajili ya shimo la takataka. Akaniuliza, bila ukali: «Kahindo, juzi ulisema ikatwe. Leo unasema ibakie. Kesho utasema nini?»

Nilimjibu kwamba kesho nitasema ibakie tena. Sijui nilipata wapi ulimi huo. Akasema atazungumza na wazee, lakini tusitegemee sana. Jioni, nyuma ya mbao, tuliwasikia wakicheka. Mmoja aliuliza kama sasa tutawaalika popo kwenye ushirika mtakatifu. Kazi ikabaki palepale. Mama Masika alisikiliza hadi mwisho, akavaa viatu, akatoka, akapita nyumba kwa nyumba kwa akina mama wa kikundi chake hadi chakula cha jioni kikapoa.

Jumamosi wanaume walikuja na mapanga, kamba na mashoka, na Kambale na msumeno wake mrefu wa watu wawili. Sasa, salongo ya kanisa kwetu ina utaratibu wake. Mwanamume anapofika hutazama kwanza jikoni. Akiona moshi, anaweka kofia yake kwenye tawi na kuanza kazi, kwa kuwa anajua saa sita kuna bugali, sombe ya majani ya muhogo, na makayabu, wale samaki wa chumvi. Siku ile hakukuwa na moshi. Sufuria zote kubwa za kanisa zilikuwa zimegeuzwa kifudifudi uwanjani, juu ya kila moja ameketi mama mmoja, na Mama Masika kwenye ile kubwa kuliko zote, mikono magotini. Mbele yao, katika kopo la nyanya, kulikuwa na miche mitatu kutoka shimoni. Wanaume walisimama na kofia zao vichwani. Popo juu walikuwa wanagombana kama kawaida. Mzee aliyefanya mzaha wa ushirika akauliza kuna nini.

«Leo hatupike,» Mama Masika akasema. «Mwenye atakata ile miti, ajipikie.»

Hakuna aliyepiga kelele. Wazee walijaribu maneno ya utii, kisha ya aibu, kisha ya viti vya watoto, na mama mmoja akajibu kwamba watoto wake mwenyewe wanakaa juu ya matofali na bado hajawasikia wakilia. Mchungaji alinitazama. Nikajua kwamba ni zamu yangu. Niliwaambia wanaume wote wale kwamba nilikosea, kwamba nilitupa mbegu za mvule kwa ufagio na kuwasingizia popo, na kwamba kama miti itakatwa leo, shimo halitaota tena. Nilifikiri watacheka. Wachache walicheka kweli. Ndipo Kambale, ambaye angepoteza mti mzima, aliufunga msumeno wake katika gunia, akauweka begani na kusema tu kwamba yeye hawezi kupasua mbao kwa njaa. Wakamcheka yeye badala yangu, na kicheko kile kilimaliza shughuli. Mchungaji akasema basi, kazi ya leo iwe kutengeneza njia mpya ya kwenda kanisani, mbali na miti, na kuhamisha miche. Moto uliwashwa papo hapo. Chakula kilikuwa tayari haraka kuliko kawaida, kwa sababu sombe ilikuwa imetwangwa tangu jana yake. Ilikuwa imefichwa chumbani kwetu chini ya kitanda changu, na mimi nililala juu yake bila kuambiwa.

Mvua kubwa zilipokuja tulikuwa na miche kuliko vifuko. Tulipanda kando ya mto, na iliyobaki tukapanda nyuma ya kanisa, ng'ambo ya mikaliptusi. Mimi niliendelea kufagia, lakini niliishia kwenye mstari niliouchora kwa jembe. Zaidi ya hapo niliacha kila kitu kama popo walivyokiacha. Kuacha ule uchafu kulinigharimu kuliko kusimama mbele ya wanaume wale, nanyi mnaonijua mtaamini. Watoto walikaa juu ya matofali mwaka mmoja zaidi, na mmoja wao, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye ofisi yake hapa Butembo, bado hunilaumu kila tukikutana sokoni. Mwisho wa mwaka nilirudi kwetu kufundisha. Mama Masika alifariki baadaye, kwa uzee, kabla ya yale mabaya yote, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Kambale alimaliza samaki. Alinawa mikono, akasema «wasingya», asante ya kwetu, akaegemea kiti. Niliondoa sahani, nikafuta meza, nikaifuta tena mahali palipokuwa safi, na mwisho nikauliza nikiwa nimempa mgongo. Je, ile miti?

«Kaliptusi? Nilizikata,» akasema. «Miye mwenyewe.»

Nilishika ukingo wa meza. Yeye aliendelea kwa utulivu wake uleule. Ilikuwa imezeeka, upepo umeshaangusha miwili, ikabidi iondolewe kabla haijaangukia kanisa. Akanikumbusha kwamba alikuwa amewekewa ile kazi tangu ujana wake. Na shule ilipata viti. Nikamwuliza, na popo?

«Popo zilikuwa zimekwisha kuhama. Ziko mu mivule yetu, ile ya shimo. Iko mirefu kupita kanisa.»

Nikauliza juu ya wakati wa ugonjwa, maana hapo ndipo penye hofu yangu yote. Akasema ndiyo, watu walikuja na mashoka. Yeye na akina mama waliobaki waliwazuia siku nzima, hadi muuguzi wa kituo cha afya alipofika na kuwaambia kwamba kukata ni kuwatawanya popo juu ya nyumba zao. Wasiwashike, wasiwale, wasipite chini yao, wawaache juu. Basi wakajenga uzio kuzunguka mivule yote, na watoto hawaingii. Popo hutoweka miezi yao, akasema, kisha hurudi. Mwaka huu wamerudi.

Nililia, sikujificha. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba maiti ambayo haikufa. Kambale akasema kuna jambo moja zaidi, kama vile ni dogo.

«Pale ndani ya lupango hakuna mwenye anafagiaka. Batoto banapaita Kwa Kahindo. Hata bale hawakujue. Kwa Kahindo hapafagiliwe.»

Nilimwomba arudie. Akanitazama kwa lile jicho lake moja, akarudia polepole, neno kwa neno, kama mwalimu anayesoma imla: kwa Kahindo hapafagiliwe.